Vidonge Vimeisha, Mishipa Bado: Namna ya Kumfuatilia Mtu Aliyemaliza Dozi ya Ukoma

Kwenye mfuko wa gwanda langu kuna kalamu mbili. Moja ya kuandikia. Ya pili siiandikii kabisa, hata akija mtu ana haraka ya kusaini simpi, kwa sababu hiyo ndiyo mashine yangu ya kupimia mishipa ya fahamu. Ni kalamu ya wino ya kawaida tu, ile unayoipata duka lolote la daftari na peremende.

Mimi ni muuguzi kwenye zahanati moja Umakondeni, upande wa Tandahimba, mkoani Mtwara. Haya naandika kwa wenzangu wa zahanati, kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na kwa watoto na wajukuu wanaoishi na mtu aliyewahi kuugua ukoma. Wengi tunajua kumtafuta mgonjwa mpya na kumpa dawa mseto ya ukoma, pakiti moja kila mwezi. Tunaposhindwa ni baada ya hapo.

Nilishindwa mimi mwenyewe. Mwaka wangu wa tatu kazini nilimkabidhi babu mmoja pakiti yake ya 12, ya mwisho. Mwezi uliofuata alipokuja nikaandika kwenye kadi "amemaliza", nikampa mkono, nikamwambia, "Babu, umepona, nenda kalime." Akaenda akalima. Wakati wa palizi mwaka uliofuata, mjukuu wake akamleta kwenye baiskeli. Aliposhuka nikasikia mguu kabla sijauona: chap, chap, chap, unyayo wa kushoto unapiga sakafu kama mtu anayekanda udongo. Kandambili ya mguu huo ilikuwa imebaki pale getini na yeye hakujua. Nikamuuliza lini imeanza. Akasema tangu korosho zilipokuwa zinaokotwa. Nikahesabu kwa vidole: miezi saba na ushee.

"Kulikuwa na maumivu, babu?"

"Hata. Mwanangu, si wewe ulisema nimepona?"

Na alikuwa amepona kweli, hapo ndipo penye utata. Dawa mseto inaua vijidudu vya ukoma. Mtu akishaanza kuimeza hamwambukizi mwenzake, na akimaliza dozi ugonjwa umekwisha. Lakini panya ukimwekea sumu akafia darini, nyumba itanuka siku nyingi baada ya panya kufa. Mizoga ya vijidudu inabaki ndani ya ngozi na ndani ya mishipa ya fahamu kwa miezi, hata miaka, na mwili unaendelea kupambana nayo. Mapambano hayo sisi kazini tunayaita riaksheni. Mshipa unavimba, na kwa kuwa pale kwenye kiwiko au nyuma ya kifundo cha mguu unapita kwenye njia nyembamba, unabanwa hadi unakufa. Wakati mwingine kwa maumivu makali. Wakati mwingine kimyakimya kama kwa yule babu, na huu wa kimya ndio unaotupita.

Shika namba moja tu hapa: miezi 6. Mshipa uliopoteza nguvu au hisia ndani ya miezi 6 iliyopita una nafasi nzuri ya kurudi ukipewa dawa. Ukivuka hapo, mara nyingi tunabaki kumfundisha mtu kuishi na hasara.

Nani umwangalie zaidi

Usigawe macho yako sawa kwa wote, hutaweza. Aliyemeza dozi ya miezi 12, yule aliyekuwa na mabaka mengi, yuko kwenye hatari kuliko wa miezi 6, mwenye mabaka machache. Aliyeanza dawa tayari ana ganzi au udhaifu mahali yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya hapo. Mwenye baka usoni, hasa karibu na jicho, au baka lililokaa juu ya njia ya mshipa, muweke karibu. Na mama aliyejifungua karibuni: miezi ya baada ya uzazi ni kipindi cha riaksheni, nasi huwa tunamtazama mtoto tu kwenye mzani tukamsahau mama mwenyewe.

Ratiba yangu iko hivi: mwezi wa kwanza baada ya dozi, wa tatu, wa sita, kisha kila miezi mitatu hadi mwaka wa pili uishe. Baada ya hapo mara mbili kwa mwaka. Wa dozi ya miezi 12 nawafuata miaka mitano, wa miezi 6 miaka miwili. Mwongozo wa wilaya yenu ukisema vinginevyo, fuateni mwongozo. Msichokubali ni kadi iliyoandikwa "amemaliza" bila tarehe ya kurudi.

Halafu usimpangie mtu wa huku miadi ya Novemba. Hatakuja. Yuko chini ya mikorosho na familia nzima, au yuko ghalani anasubiri mzigo wake upimwe. Mimi mtu wangu namvuta mwishoni mwa Septemba, na wa Novemba namfuata mwenyewe kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika siku ya kupima korosho. Pembeni ya magunia kuna kivuli, na vipimo vyote vinachukua dakika kumi na tano. Lakini sivai gwanda wala sisemi ninachopima mbele za watu. Kuna mzee alinikimbia mwaka mzima kwa sababu mtu mmoja alifika kwake na pikipiki yenye maandishi ubavuni, akapaza sauti akiuliza nyumba ya "yule mkoma". Neno hilo acheni. Ni mtu aliyeugua ukoma, kama wewe ulivyougua malaria.

Kabla ya kugusa, tazama na uliza

Mtazame anavyotembea kutoka getini. Sikiliza nyayo. Tazama vifungo vya shati: nani amevifunga? Mtu aliyezoea shati la vifungo akianza kuja na fulana, muulize.

Maswali ya kwenye fomu yanasema "je, una ganzi?" Swali hilo jibu lake ni hapana, karibu kila siku, kwa sababu ganzi haijitangazi. Mimi nauliza mambo ya nyumbani. Chumvi unaibana kwa vidole au umeanza kumimina? Khanga inakaa kiunoni au inafunguka? Noti zinagandana mkononi ukihesabu? Kandambili imewahi kubaki njiani? Usiku umewahi kuamshwa na kiwiko kinachowaka moto? Umelala ukaamka jicho lina mchanga na machozi? Kuna lengelenge uliloliona mkononi bila kujua limetoka wapi?

Hili la mwisho huku kwetu lina jibu lake. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza. Mwenye hisia akiyagusa anaruka, ananawa, anapaka jivu. Mwenye ganzi anaendelea kubangua hadi jioni, na kesho kiganja kimevimba malengelenge. Ukiona mtu ana malengelenge ya korosho kwenye kidole kidogo na cha pete tu, na vingine vizima, usimwambie awe mwangalifu ukaishia hapo. Hiyo ni ramani ya mshipa wa kiwiko. Toa kalamu.

Kupima nguvu

Nguvu tunaziandika kwa herufi tatu. N ni nguvu kamili: anashinda mkono wako unaomsukuma. L ni legevu: anaweza kufanya mwendo wote lakini ukimsukuma anashindwa, au hafiki mwisho. K ni kupooza, hakuna mwendo.

Anza na macho. Mwambie afumbe taratibu kama anayelala, si kukaza. Piga jicho lako usawa wa kope zake, uone kama kuna ufa mweupe. Ukiwepo, pima kwa rula bila kugusa jicho, andika ni milimita ngapi. Kisha mwambie akaze kwa nguvu, nawe jaribu kuvuta kope ya chini pole. Ikifunguka kirahisi, au kope zisipokutana akikaza, ni L. Zisiposogea kabisa, ni K.

Mkononi, kiganja kitazame juu, vidole vimenyooka. Kidole kidogo akipeleke nje, mbali na wenzake, nawe ukisukume kirudi, ukikisukumia kwenye shina, si kwenye ncha. Hapo unauliza mshipa wa kiwiko. Halafu gumba: kiganja kikiwa bado juu, alisimamishe lielekee darini, ulisukume chini kwenda pembeni. Huo ni mshipa wa mbele ya kifundo cha mkono. Watu hudanganya hapa bila kujua, wanalikunja gumba badala ya kulisimamisha, basi lisimamishe wewe kwanza halafu umwambie "lishike hapohapo." Mwisho ageuze kiganja kitazame chini, akunje ngumi, ainue kifundo juu, ukisukume chini.

Mguuni akae kwenye benchi, kisigino sakafuni, ainue unyayo kuja kwake, nawe usukume chini kwa nguvu zako zote. Mguu ni mkubwa. Ukisukuma kwa kidole kimoja kila mtu atakuwa N. Kipimo hiki kimoja, cha nusu dakika, kingemwokoa yule babu.

Pima kulia na kushoto, kila mara kwa mpangilio uleule. Ikiwezekana awe anapimwa na mtu yuleyule, maana mkono wangu na mkono wa kijana mpya aliyetoka chuo havisukumi sawa.

Kupima hisia

Sindano usitumie. Wala pini. Unatafuta kama anahisi mguso, si kama anaumia, na ngozi yenye ganzi ukiitoboa umempa kidonda.

Mweleze kwanza akiwa anaona: nitakugusa na kalamu, ukisikia niwekee kidole hapo nilipogusa. Mjaribu mara mbili tatu akiona hadi aelewe. Kisha afumbe macho au ashike ncha ya khanga mbele ya uso. Kalamu isimame wima, ibonyeze ngozi hadi uone kijishimo kidogo, kisha inue. Usiburute. Usifuate mpangilio anaoweza kuukisia, na katikati ya miguso nyamaza kwa muda usio sawa. Akionyesha mbali na ulipogusa, zaidi ya upana wa vidole viwili, hesabu hajasikia. Akikosa, rudia mara moja baadaye.

Mkononi mimi nachukua ncha ya gumba, ncha ya kidole cha shahada, ncha ya kidole kidogo, na pembe ya kiganja chini ya kidole kidogo. Mguuni: chini ya dole gumba, mto wa unyayo upande wa ndani, mto wa upande wa nje, na ukingo wa unyayo. Fomu yenu ikiwa na nukta zaidi, jazeni zote. Kisigino cha watu wetu kimeota sugu tangu utoto. Hata asiyewahi kuugua ukoma hasikii hapo, kwa hiyo sugu ikwepe, gusa ngozi laini ya pembeni.

Niwaeleze siku moja ilivyokuwa. Mama wa makamo, miezi minne tangu amalize dozi, hana malalamiko yoyote. Alikuja kunisalimu tu akaniletea ming'oko ya kuchemsha. Nikamwambia, mama, kaa basi nikuangalie kabla sijala. Nguvu zote N. Mkono wa kulia nukta nne, nne kazionyesha pale pale. Kushoto: gumba, kaonyesha. Shahada, kaonyesha. Nikabonyeza ncha ya kidole kidogo, nikangoja. Kimya. Nikabonyeza pembe ya kiganja. Kimya. Uso umefunikwa na khanga, ametulia kabisa, mkono wa kulia uko tayari kuonyesha.

"Nesi," akasema, "mbona huanzi?"

Nikafungua chati yake ya siku aliyomaliza dozi. Nukta nne nne, mikono yote miwili, zote nzima. Kwa hiyo mbili zilikuwa zimepotea ndani ya miezi minne na mwenyewe hajui. Siku hiyohiyo nikampigia mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya.

Shika mshipa wenyewe

Nyuma ya kiwiko, upande wa ndani, kuna ule mshipa ambao ukijigonga unaona umeme hadi kidole kidogo. Mwambie akunje mkono kidogo, utafute kwa ncha za vidole viwili. Wa mguu unapita nje ya goti, chini yake kidogo, ukizunguka kichwa cha mfupa mwembamba. Mwingine uko nyuma ya kifundo cha ndani cha mguu. Linganisha kulia na kushoto: upi mnene, upi mgumu, upi unauma. Tazama uso wake unapobonyeza, si mkono wako. Mzee wa Kimakonde hatakuambia inauma, lakini jicho litapepesa. Mshipa mnene peke yake si habari mpya, unaweza kubaki mnene maisha yote. Mshipa unaouma ukiguswa ndiyo habari.

Chati ni kila kitu

Kama ungenikataza yote niliyoandika ukaniachia kimoja, ningechagua karatasi ya siku aliyomaliza dozi. Bila hiyo, kipimo cha leo hakina maana. Mtu ana nukta mbili hasikii: ni za jana au za tangu kabla hajaanza dawa? Za zamani hutazirudisha kwa vidonge. Za mwezi uliopita unaweza. Tofauti ya kumpa mtu dawa au kutompa imo kwenye ile karatasi, na niliwahi kufika zahanati nikakuta chati kama hizo zimefungiwa vitumbua.

Kwa hiyo mimi nina nakala mbili. Moja kwenye faili, moja kwenye daftari la mgonjwa mwenyewe. Kila safari naandika herufi ya leo pembeni ya herufi ya zamani: "Kush. kidole kidogo: L, ilikuwa N." Mratibu akifika haniulizi kitu. Daftari likae nyumbani ndani ya mfuko wa nailoni. Wengine huvuka Ruvuma kwenda kulima Msumbiji wakakaa msimu mzima, na daftari hilo wanaondoka nalo.

Lini upige simu leo, si kesho

Herufi moja imeshuka, N kuwa L au L kuwa K. Nukta mbili au zaidi zimepotea kwenye mkono au mguu mmoja. Mshipa unauma wenyewe, au unauma ukiguswa na zamani haukuuma. Mabaka ya zamani yamevimba, yamekuwa mekundu na ya moto. Vimejitokeza vinundu vyenye maumivu chini ya ngozi, pamoja na homa na viungo kuuma. Nyayo au viganja vimevimba bila sababu.

Jicho jekundu lenye maumivu, linalokimbia mwanga au lililopungua kuona, halingoji hata simu. Ni safari ya hospitali siku hiyo. Na hapa watu wa korosho tuna mtego wetu: kuanzia Juni tunapuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, ule ukungu wa mikorosho, na kijiji kizima macho mekundu. Mtu akija na jicho jekundu wakati huo kila mtu anasema salfa. Salfa huwasha macho yote mawili, na ukikaa mbali na shamba ukanawa, linatulia. La riaksheni mara nyingi ni moja, linauma kwa ndani, na kunawa hakulisaidii. Ukiwa na shaka, mpeleke. Na asiyefumba macho vizuri asipulize kabisa, amtafute mtu wa kumpulizia.

Dawa ya riaksheni iliyogusa mishipa ni prednisolone. Si ya kugawa dirishani. Kwa mtu mzima kozi huanza kwa kawaida na miligramu 40 kwa siku, ikashushwa polepole kwa majuma 12 hadi 20, na anayeipanga ni mtaalamu baada ya kuhakikisha hana kifua kikuu, sukari, presha, vidonda vya tumbo, minyoo wala kidonda chenye usaha. Kazi yako ya zahanati ni tatu: kumpima upya kila wiki mbili ili ijulikane kama inafanya kazi, kuuliza juu ya kiu na kukojoa sana, tumbo kuuma, kinyesi cheusi na kikohozi kisichokoma, na kuhakikisha haachi ghafla. Wanaacha kwa sababu mbili: wamepata nafuu, au uso umevimba na majirani wanasema amenenepa kwa dawa za mganga. Ziseme zote mbili kabla hazijatokea.

Yule mama wa ming'oko alimaliza kozi yake. Nukta moja ilirudi yote, ya pembe ya kiganja. Ya ncha ya kidole ilirudi nusunusu: anasikia, anaonyesha kidole cha pete.

Riaksheni si ukoma kurudi, na wala si kwamba dawa mseto haikufanya kazi. Ukoma kurudi kweli hutokea kwa wachache, mara nyingi miaka kadhaa baada ya dozi. Huja polepole, na mabaka mapya yasiyouma. Riaksheni huja kwa siku au majuma. Usimwanzishie mtu dawa mseto upya kwa kubahatisha, mpeleke akapimwe.

Kwa ganzi ambayo haitarudi

Hapa kazi inahamia nyumbani. Kila jioni, kukiwa bado na mwanga, mtu akague nyayo zake na viganja vyake: mwiba, lengelenge, mpasuko, mahali penye joto kuliko pengine. Macho yake yakiwa hafifu, mjukuu amkagulie. Watoto wa darasa la pili na la tatu ni hodari sana kwa kazi hii, wanapenda kuitwa daktari.

Vitabu vinasema loweka miguu kila siku dakika 20 hadi 30, sugua sugu na magaga kwa jiwe, paka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Walioandika hawakuishi huku juu kiangazi, maji yanaponunuliwa kwa ndoo. Nilijaribu kuhubiri ya vitabu, watu wakanicheka kwa adabu. Sasa nasema: beseni moja lenye maji ya kufikia vifundo, baridi, si ya moto, miguu kwanza, kisha mikono ikiwa miguu haina kidonda, na maji yakamwagiliwe mchicha. Mafuta ya nazi yanatosha, hata mafuta ya mgando ya dukani. Usipake katikati ya vidole vya miguu.

Viatu ni mgogoro wangu wa kila mwaka. Katambuga za matairi zinadumu, ila fundi akizipigilia misumari, msumari utatokeza ndani na mwenye ganzi atautembelea wiki nzima. Mwambie fundi ashone kwa uzi mzito. Kandambili hazina mkanda wa nyuma, zinamtoka. Kinachofaa ni soli ngumu chini, laini ndani, mkanda nyuma ya kisigino, na kabla ya kuvaa unaingiza mkono uliosalimika kupapasa kama kuna jiwe au nge.

Jikoni, kitambaa kinene cha kushikia sufuria kining'inie palepale karibu na mafiga, maana kikiwa chumbani hatakifuata. Sigara asiivute hadi moto ukaribie vidole. Kubangua korosho za moto aache kabisa. Ampe mwingine yeye akachambue mbegu nyeupe. Asiyefumba jicho vizuri ajifunze kupepesa kwa makusudi kila anapokumbuka, avae miwani mchana, na alale amejifunika uso kwa kitambaa chepesi. Kidonda cha unyayo kinapona kwa mapumziko kuliko kwa dawa yoyote ya kupaka, na kama kinanuka au mguu umevimba na homa ipo, hayo si ya nyumbani tena.

Yule babu wa kwanza bado anakuja. Mguu wa kushoto ni K, na utabaki K. Fundi viatu wa sokoni alimfungia kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, kutoka kwenye mkanda chini ya goti hadi mbele ya kiatu, unamvuta unyayo juu anapopiga hatua. Ile chap chap imepungua sana. Anakaa kwenye benchi lilelile, ananiita mwanangu, anautoa ule mzima mbele kabla sijamwambia, kisigino sakafuni, nami nasukuma kwa mikono miwili hadi benchi linalia. Mwezi uliopita nimeandika tena: kulia N, ilikuwa N.